Kisahani cha Pole

Kambi ya mkonge,
Bondeni chini ya milima ya Upare,
Same.

Dada Yustina mpenzi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo, nawe uitikie huko huko ulipo kwa sauti, maana nina hamu ya kuisikia. Mama mpe shikamoo yangu sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, na umtazame anavyoitikia. Umtazame vizuri, dada. Sababu nitakueleza.

Sisi huku tupo, tunapumua, na safari hii neno kupumua siliandiki kwa mazoea. Leonsi yuko hai. Kondrada anaendelea na shule, kawa mrefu, viatu vya mwaka jana vimemkataa. Mimi ni mzima ila nimekonda, na ukinikuta njiani utasema nimefiwa. Sikufiwa. Nilikaribia.

Barua hii anaileta Thobias, yule aliyeoa kwa akina mjomba, anakuja huko kuangalia mashamba ya baba yake. Wewe unamjua Thobias. Bahasha nimeibandika kwa ugali wa moto, na juu ya ubandiko nimechora msalaba wa wino, nusu huku nusu kule. Ukiona mikono ya msalaba haikutani, ujue kuna macho yamepita humu kabla ya yako.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la mkonge. Nimefurahi kusikia kahawa imebeba, ingawa hao wanunuzi binafsi unaosema wanapita nyumba kwa nyumba siku hizi, mimi siwaamini. Mtu anayekuja na mizani yake mwenyewe mpaka uani kwako anataka kuona mengine zaidi ya kahawa. Lakini si hilo lililonikosesha amani. Katikati ya barua umeandika sentensi moja ukaipita mbio: kwamba kiuno cha mama kimetulia kidogo, siku hizi analala mpaka mchana, na mnamshukuru Mungu. Halafu chini yake unaniomba nitume vile vidonge vikali vya mchanganyiko vinavyovuka mpakani, kwa kuwa vya zahanati na vya dukani kwa wifi Mama Deo vinasaidia lakini havimalizi.

Dada, nilipofika hapo nilikaa chini sakafuni. Vidonge sitatuma. Usikasirike kwanza, na usimwambie wifi neno. Soma yaliyompata shemeji yako, usome yote, usiruke, ndipo utajua kwa nini nimetaka umtazame mama.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba toroli la mkonge lilipinduka relini likamlalia Leonsi pajani. Mfupa ulivunjika. Alilazwa hospitali ya misheni huko juu milimani, mguu umening'inizwa kwa mawe kama nyama buchani, mpaka mfupa ukashika. Walipomruhusu walimpa vidonge vyeupe vya maumivu, na nesi akasema ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili. Mimi nikashtuka hapo hapo. Nikawaza, kwa nini dawa mbili zijifiche ndani ya kidonge kimoja? Kama ni za halali si kila moja ikae peke yake nikaiona? Lakini mtu alikuwa anaumia, nikanyamaza nikavipokea. Na kusema kweli vilimsaidia. Akimeza, baada ya muda uso unakunjuka, anaomba chakula, anamtania Kondrada.

Sasa hapa kambini kuna desturi ambayo nyumbani hatuna. Miaka ile ya shida, sukari ya foleni na nguo tunafua kwa majivu, mtu akienda kumpa pole mgonjwa hakuwa na cha kubeba. Duka la kambi lilikuwa rafu tupu na muuzaji kakaa mbele yake kama mlinzi wa rafu. Hata aspirini ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na aliyekuwa nayo aliifunga kwenye pindo la khanga akaitunza. Ndipo ikaanza: ukienda kumwona mgonjwa, unamletea kidonge. Kinawekwa kwenye kisahani kando ya kitanda, mgonjwa anakimeza mbele yako, nawe unajua pole yako imepokelewa. Asipomeza amekukataa. Watu wa Kigoma, wa Tabora, sisi wa Mbinga, sote tumeishika desturi hiyo, na miaka ile haikumdhuru mtu, maana vidonge vyenyewe vilikuwa haba.

Leo kila kitu ruksa. Pale Ndungu, kwenye tambarare ya mpunga, maduka yameota mpaka huoni ukuta. Kuna mmoja anauza vitenge, betri, tairi za baiskeli na vidonge, vyote mezani pamoja. Vidonge anavitoa kwenye makopo makubwa yasiyo na jina, vyekundu, vya njano, vyenye rangi mbili, anakufungia kwenye kipande cha gazeti. Ukimwuliza vinatoka wapi anasema kwa mkono tu, kule, upande wa ziwa Jipe, mpakani. Mtu yule ananiudhi. Anacheka kabla hujasema kitu.

Na Leonsi anapendwa. Kila Jumapili baada ya misa na ibada walikuwa wanakuja, wakata mkonge, wasukuma toroli, wake zao, na kila mkono ulikuwa na kipande cha gazeti. Kisahani kilijaa mpaka nikafikiria bakuli. Nilikuwa nakiweka dirishani ili wapitao waone mume wangu anavyothaminiwa, na vidonge nimevipanga kwa rangi. Yeye mwenyewe hakutaka kumvunja mtu moyo, kwa hiyo kila mgeni alimmezea kimoja papo hapo, vilivyobaki vikakaa kisahanini.

Basi Leonsi akaanza kubadilika. Kwanza usingizi. Unamwambia jambo, anaitikia vizuri, ukigeuka kashalala na kijiko mkononi. Nikashuku pombe. Nilimnusa kila siku, nikanusa na kikombe na mto, sikupata kitu. Halafu akawa anajikuna, pua, mikono, mgongo. Nikashuku kunguni, nikamtukana moyoni aliyetuuzia godoro, nikalitoa juani nikalipiga mpaka majirani wakaniuliza limenikosea nini. Kunguni hapakuwa na hata mmoja. Akawa haendi chooni. Na macho, dada! Mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini, hata ndani mwenye giza. Mtu akikutazama kwa macho yale huku anatabasamu, unaona kabisa kuna kitu anakuficha.

Nikaanza kutafuta ni nani. Jibu likaja lenyewe, nikaliamini siku hiyo hiyo. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mpare, mjane, anaitwa Mama Nakijwa. Kwao ni huko juu Gonja, huku chini kafuata kibarua cha kuanika mkonge. Kila siku alikuwa anamletea Leonsi uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Uji tu. Kidonge hakuleta hata siku moja. Nikajiuliza, watu wote wa kambi hii wanaleta kidonge, kwa nini huyu peke yake haleti? Na kwa nini uji, na kwa nini kila siku, na kwa nini Leonsi akimwona anatabasamu tabasamu lile lile la macho madogo? Mjane, dada, bado ana meno yote. Nikaona mambo yamejipanga.

Kuanzia hapo uji nilikuwa naupokea kwa mikono miwili, nashukuru sana, nasubiri afunge mlango wake, naupeleka kwa kuku. Kuku wakila nawachunguza. Walikula, wakafuta midomo, wakanifuata wakitaka tena. Nikasema dawa yake haifanyi kazi kwa ndege.

Ikafika Jumapili ile. Wageni walikuwa wengi kuliko siku zote kwa sababu siku iliyotangulia watu walipokea mshahara na wakapita Ndungu. Wa Kigoma walileta vya njano. Nyapara wake akaja na vyenye rangi mbili, akajisifu mbele za watu, "Hivi ndivyo vyenyewe, mchanganyiko, Leonsi. Ukimeza hivi mguu unausahau." Leonsi akameza vya njano, akameza vya nyapara. Walipoondoka, saa yake ya dawa ya hospitali ikawa imefika, nami mke mwema nikampa cheupe chake na maji. Akalala. Mchana kweupe, jua limesimama, anakoroma. Nikatoka kuosha vyombo.

Mama Nakijwa akaja na chupa yake. Akasimama mlangoni badala ya kuingia, kainamisha kichwa.

"Mama Kondrada, huyu anakoroma vibaya."

"Mwache alale, kachoka na wageni."

"Hakoromi kama anayelala. Njoo usikilize. Anavuta, halafu anasahau."

Nilikwenda kwa hasira, ili nimwonyeshe kwamba najua kusikiliza pumzi za mume wangu bila kufundishwa. Nikasimama pale. Akavuta. Nikangoja. Nikangoja tena, na hapakuwa na kitu, kifua kimelala tu. Halafu kwa mbali akavuta nyingine. Nikamtikisa, nikamwita jina, nikampiga kofi la shavu. Midomo ilikuwa imeiva rangi ya zambarau.

Dada! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakata. Aliyekimbia kwa dereva wa trekta ni Mama Nakijwa, na aliyerudi kumwinua Leonsi na kumkalisha ni yeye. Na katikati ya vurugu ile, wakati wanaume wanambeba kumpeleka kwenye trela, nilimwona kwa macho yangu ananyanyua kisahani changu dirishani, anamimina vidonge vyote kwenye pindo la khanga yake, anafunga fundo. Nikasema moyoni, mwizi! Mume wangu anakufa, huyu anakusanya pole zake. Sikuwa na nafasi ya kumshika. Tukapanda wote kwenye trela, mimi nimepakata kichwa cha Leonsi, yeye ananiambia, "Mwamshe, mwite, usimwache asahau," na kila alipomfinya sikio Leonsi alivuta pumzi. Nikamruhusu amfinye. Lakini fundo la khanga sikuliondolea macho njia nzima ya kupanda mlima.

Hospitali tulipokewa na daktari kijana, Mpare naye, sauti ndogo. Akauliza, "Amekula nini?"

Mimi nikanyoosha kidole mbele ya manesi, mbele ya dereva, mbele ya wagonjwa wa benchi. Nikasema, "Uji wa huyu mama. Kila siku anamletea. Na sasa hivi ana vitu vya mume wangu kwenye khanga, mwambieni afungue."

Mama Nakijwa akasogea mezani. Akafungua. Vidonge vikamwagika juu ya meza, vyekundu, njano, vyeupe, rangi mbili. Akamwambia daktari, "Hivi ndivyo anavyopewa na wageni. Vya leo sijui ni vipi, ila viko humu."

Daktari alimfunua Leonsi jicho, akatazama mboni, akamwita nesi, akamtajia jina la dawa nisilolijua. Wakamchoma sindano. Na hapo, dada, nilijua hakika tumeingia mikononi mwa wauaji. Maana ile sindano haikumaliza hata muda wa kusali Baba Yetu, Leonsi akafumbua macho, akavuta pumzi ndefu kama aliyetolewa mtoni, na akalia. Alilia kama siku ya toroli. Akashika paja, akaitukana reli, akamtukana nyapara, akanitukana na mimi.

Nikamkamata daktari koti. "Umemtia nini? Alikuwa amelala kwa raha, sasa unamtesa!"

Akaniambia, "Mama, kilio hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

Sikumwelewa, na sikumwachia koti mpaka nesi aliponitoa. Baadaye, Leonsi yuko wodini na mtu kawekwa wa kumwangalia, daktari alinikalisha akanieleza. Nakuandikia alivyosema, kwa kadiri nilivyoshika, maana nilimwuliza maswali mengi mpaka akaanza kutazama saa.

Alisema mwili una dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu. Unaitengeneza humo ndani, kidogo kidogo. Na ili dawa hiyo ifanye kazi, kuna mahali pake pa kukaa, anapaita vipokezi, viko kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo, mpaka kwenye utumbo. Nikamwuliza, kama mwili una dawa yake, mbona mume wangu alikuwa analia? Akasema ile ni ya kukutosha ukijikwaa kidole, si ya toroli. Ndiyo maana watu wakatengeneza dawa za jamii ya afyuni, kama hiyo kodeini iliyo ndani ya kidonge cha Leonsi. Kodeini ikiingia mwilini, ini linaigeuza sehemu yake kuwa mofini, na hiyo inakwenda kukaa pale pale kwenye vipokezi, mahali pa dawa ya mwili. Ikishakaa, habari za maumivu zinazopanda kwenda ubongoni zinafungiwa mlango. Mguu bado umevunjika, ila kichwa hakiambiwi. Akasema pia maini hayafanani. Ya wengine hugeuza haraka mno, na mtu wa namna hiyo anazidiwa na dozi ya kawaida.

"Na ile dawa ya pili iliyojificha?" nikamwuliza. Hilo nililiweka moyoni tangu mwanzo.

Akacheka. Akasema haijajificha, ni parasetamoli ile ile tunayoijua. Inapita njia yake, haigusi mlango ule, na namna inavyofanya kazi yake hata wataalamu bado wanabishana. Zinawekwa pamoja ili kila moja iwe kidogo na bado maumivu yatulie, badala ya kumpa mtu moja kwa wingi. Hapo nikaona ina maana, lakini sikumwonyesha.

Halafu akanipa mfano wa kwao. Huku Upare, dada, wana bwawa walilojenga babu zao mlimani, wanaliita ndiva. Maji yanajazwa, asubuhi mlango unafunguliwa, yanashuka kwa mifereji mpaka mashamba ya chini. Akasema tuseme maumivu ni maji, dawa ni mtu aliyekaa mlangoni akaufunga. Vizuri. Lakini vipokezi vya namna ile ile viko pia kwenye utumbo, ndiyo maana Leonsi haendi chooni, na viko sehemu ya ubongo inayokumbusha kifua kuvuta hewa. Dawa haichagui. Ikiwa kidogo inafunga mlango wa maumivu na kuugusa kidogo wa pumzi. Ikiwa nyingi inavifunga vyote. Na ile sindano? Akasema inakwenda kukaa mahali pale pale, inaisukuma dawa itoke, lakini yenyewe haifungi kitu. Ndiyo maana pumzi ilirudi na maumivu yakarudi, vyote kwa mkupuo.

Sikuridhika. Nilimwambia amweleze Mama Nakijwa naye, kwa Kipare chao. Akaeleza. Kisha nikamvuta Mama Nakijwa pembeni nikamwuliza kwa Kiswahili kasema nini, nione kama hadithi zinalingana. Zililingana, ila ya Mama Nakijwa ilikuwa fupi. Akasema, "Anasema milango yote ni ya fundi mmoja. Ukiufunga wa maumivu kwa nguvu, umefunga na wa pumzi."

Ndipo daktari akatuita mezani. Alikuwa amevitenga vidonge vya kisahani. Akanionyesha vya njano, vyenye rangi mbili, na cheupe cha kwake. Rangi mbalimbali, maumbo mbalimbali, majina mbalimbali, na vyote kwa kadiri alivyoweza kuvitambua ni jamii moja, vinakimbilia viti vile vile. Tena karibu vyote vina parasetamoli ndani, nayo ikizidi inaua ini kimya kimya. Vingine, vile vyekundu, vilikuwa vya usingizi kabisa, na hivyo vikikutana na jamii ya afyuni vinaikumbatia, vinafunga mlango wa pumzi pamoja. Akaniuliza, "Nani alimwandikia vyote hivi?" Nikamwambia ni pole, kila mmoja kaleta vyake kwa upendo. Hakunicheka, na hilo namshukuru.

Sindano ile huisha nguvu mapema kuliko vidonge alivyomeza, kwa hiyo Leonsi alizama tena, wakamchoma tena. Tulikaa naye mimi na Mama Nakijwa, huyu sikio la kulia, huyu la kushoto, mpaka kulipokucha macho yake yakawa macho ya mume wangu. Nilimwomba Mama Nakijwa msamaha pale pale. Nililia, dada, niliona aibu kiasi cha kutaka sakafu inimeze. Nikamwuliza kwa nini yeye hakuwahi kuleta kidonge kama wengine. Akasema, "Sikujua vinafanya nini. Nitampaje mtu kitu nisichokijua? Ulezi naujua." Kisha akasema, "Na wewe, ukitaka uji wa kuku uniambie tu. Wamenona, lakini ulezi ni ghali."

Kumbe alikuwa anajua siku zote, na bado alikuwa analeta.

Sasa turudi kwa mama. Nimeandika yote haya kwa ajili ya sentensi yako ile moja. Mama anapata vya zahanati. Anapata vya wifi Mama Deo, ambaye sijui amesomea wapi udaktari zaidi ya kufungua duka. Na wewe unataka na vya kwangu. Mikono mitatu, dada, na kila mmoja haujui mwingine umetoa nini. Halafu mama analala mpaka mchana. Simsingizii wifi. Hata mimi nilikuwa nampa Leonsi kwa mkono wangu huu. Ila mwulize vidonge vyake vinatoka kopo gani, na akianza kucheka kabla hajajibu, ondoka.

Fanya hivi. Mtazame mboni za macho. Msikilize akilala, kaa kando yake usikilize kweli, kama anavuta na kusahau. Mwulize choo. Kusanya kila kidonge kilichomo nyumbani, vya zahanati, vya wifi, vilivyo chini ya godoro, maana mama ana tabia ya kuficha, ufunge kwenye khanga umpeleke navyo mama misheni ukawaonyeshe. Usivikatishe vyote ghafla kwa hofu, kwa sababu daktari alisema mwili uliozoea ukinyimwa ghafla nao unateseka, na maumivu ya mama ni ya kweli, sitaki alie. Dawa apate. Lakini zitoke mkono mmoja unaojua. Ukimwamsha na asiamke vizuri, usingoje kesho, usingoje gari la mtu, beba.

Na wewe Thobias. Kama umeifungua barua hii njiani kama ilivyo kawaida yako, safari hii nakushukuru. Umeshasoma mpaka hapa, basi unajua. Usilale Songea kwa yule mtu wako, na mimi sitamwambia mkeo. Panda gari la kwanza.

Kwenye kifurushi nimeweka mchele wa Ndungu na ulezi kidogo, Mama Nakijwa ndiye aliyeupepeta. Hiyo ndiyo pole yangu kwa mama. Wageni wakija na vidonge, pokea, shukuru, weka mbali, uwapikie wao uji. Kisahani changu nimekirudisha kabatini, siku hizi ni cha mboga tu.

Msalimie kaka yetu, na mkewe Mama Deo usimwambie nimemtaja. Msalimie mjomba mwenye mashine ya kusaga, shangazi aliyemlea Kondrada, padri wetu mzee kama bado anasikia, na watoto wako wote. Kondrada anawasalimia, na jirani yangu Mpare anakusalimia ingawa hakujui, anasema ukimsikiliza mama usisikilize mdomo, usikilize kifua.

Dada, mama ukimkatiza usingizi atakasirika, unamjua. Atakuita majina yote. Mwache. Ukisikia anakutukana ukae umsikilize mpaka amalize, usimkatishe.

Ningeandika zaidi lakini Leonsi ananiita. Mguu unamuuma, uji umepoa, mto umekaa vibaya, na mimi nimekaa tu naandika barua. Analalamika tangu asubuhi. Ngoja niende.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Asteria.